Pono Waliokanyagwa na Ng'ombe

Geita, Jimbo la Ziwa

Mdogo wangu Hamadi,

Nimetanguliza salamu kwa makusudi, maana nyuma yake hasira zinasukumana kama watu kwenye dirisha la tiketi, na sitaki useme kaka yako amesahau adabu. Hujambo? Wanao hawajambo? Mguu wa Mama unaendeleaje baada ya zile mvua? Mimi ni mzima, kwa kadiri mtu aliyepungukiwa na sikio anavyoweza kujiita mzima. Hili la kushoto baruti zimekwisha kulila. Nasikia vumo tu, kama nimefunikwa chungu. Ndilo ninalompa msimamizi anapokuwa na la kuniambia.

Hapa mgodini watu hawaniiti tena Shomari. Naitwa Pono, na nilijitakia mwenyewe. Nilisinzia wakati wa chakula, toroli za mawe zikapita kandoni kwangu na kelele zake zote nisishtuke, nikajitetea kwamba kwetu huo ndio usingizi wa pono. Wakauliza pono ni nini. Nikaeleza kwamba ni samaki wa mwambani, mlalaji kupita wote, na heri ningenyamaza. Sasa hata watoto wa kambini wananiamkia, shikamoo Bwana Pono, nami naitika marahaba kana kwamba ndilo jina alilonipa Baba.

Basi fikiria furaha yangu Saidi wetu, yule mfanyakazi wa gari moshi, aliposhuka kwenye lori na kikapu chako. Ng'onda wa pono, waliopasuliwa na kukaushwa juani, kutoka nyumbani Mafia! Nilikinusa kikapu mbele za watu bila haya. Huku tunakula sato na furu wa ziwani, samaki wazuri, lakini hawamkumbushi mtu kwao.

Kisha nikasoma barua yako. Unataka baruti. Vijiti vichache tu, unasema, na fataki zake na utambi, kama mtu anayeagiza viberiti dukani. Ukatia na kejeli, ambayo nadhani ulijisomea mara mbili kwa kuipenda: "Kaka, kutwa unayapa mawe baruti bure, mimi wa damu yako unaninyima?" Na eti ni kwa kujaribu, mara moja tu, kwenye mwamba alikokuwa akivua Baba.

Nilicheka. Nilidhani ni ujinga, na ujinga ni wa ukoo wetu, siwezi kukutwisha peke yako. Nikaanza kukutungia jibu la upole moyoni. Nilitaka kukueleza kwamba ghala la baruti lina kufuli na askari, na anayekutwa na kijiti nje ya lango anakwenda jela. Nilitaka kukusimulia habari za kijana wa Kizinza wa zamu yetu, aliyerudi kutazama utambi uliochelewa kufika. Siku hizi mkewe ndiye anayemvisha shati.

Jibu hilo la upole hulipati, na sababu ni samaki wako mwenyewe.

Jioni ile nilikipeleka kikapu kwa Masanja, Msukuma wa Ibadakuli ninayetoboa naye mawe. Mkewe, Mama Kulwa, ndiye hutupikia. Hakuwahi kumwona samaki wa baharini, lakini alimpika vizuri kuliko nilivyostahili, na ugali wa mtama. Nikajitia ualimu, nikawahubiria ladha ya bahari. Mama Kulwa alikuwa anatoa miiba mdomoni, mmoja baada ya mwingine, anaipanga ukingoni mwa sahani.

"Baba Zuhura," akaniuliza kwa adabu yake, "samaki wa kwenu huchungwa pamoja na ng'ombe?"

Nikamwuliza kwa nini.

"Huyu amekanyagwa."

Masanja akacheka hadi akapaliwa. Akasema bila shaka pono alilala njiani, kama huyu mwenye jina lake. Nikacheka nao. Kisha nikatazama sahani yangu. Uti wa mgongo ulikuwa vipande vipande, na mbavu zimekatika zikazama nyamani. Nikammega wa pili. Nikakiendea kikapu, nikawavunja wakavu kwa mkono. Wote, Hamadi.

Samaki wa dema, aliyeingia mwenyewe kwenye mtego wa kusukwa, hufa mgongo wake ukiwa mzima; mimi na wewe tumelelewa kwa samaki hao. Kinachomvunja samaki mifupa ndani ya ngozi isiyo na mkwaruzo ni kitu kimoja tu, nacho ndicho kilichonila sikio.

Nikamwita Saidi. Saidi hawezi kudanganya akiwa ameshiba, nawe unamjua.

"Mimi mchukuzi tu, kaka," akasema. "Zile baruti alizopata kwa wajenzi wa barabara zimemwishia. Ndipo alipokukumbuka."

Kwa hiyo mara moja ilikwisha kuwa mara nyingi. Ukaniletea ushahidi kwenye kikapu, ukaniandikia nile nikukumbuke. Nimekula na nimekukumbuka.

Sasa nami nikukumbushe. Baba alitupeleka mwambani usiku maji yalipokupwa, akatuonyesha pono aliyelala ndani ya ute wake kama mtu ndani ya chandarua. Akatukataza hata kumgusa kwa kidole. Wewe ulilia, kwa kuwa ulitaka kumpasulia chandarua chake. Naona mpaka leo hujaacha.

Nani anayeyapalilia matumbawe, majani yasiyafunike, kama si pono na mdomo wake wa kasuku? Ule mchanga mweupe uliotandazwa uani kwa Mama siku ya harusi yako ulitoka wapi? Ulipita tumboni mwa pono, mtafuna mawe, bwana harusi. Ulioa juu ya mavi ya samaki, na ukapendeza.

Tena kikapu kizima ni wadogo watupu, wale wa rangi ya udongo, majike. Dume la buluu hata moja sikuliona. Unajua kama ninavyojua kwamba yale madume makubwa huanza yakiwa majike, na mkubwa wao ndiye anayegeuka. Umewaua hata waliokuwa wakingoja zamu. Nani atageuka sasa, wewe?

Huku tunapasua jiwe tukijua halioti tena. Upande huu ukiisha tunahamia ule, tunaacha shimo. Siisifu kazi hii. Nimekubali kuishi mashimoni ili nyumbani kusiwe na shimo, nawe unalichimba kwenye sahani ya Mama.

Baruti sitatuma. Wala sikuishia hapo. Ile mashua ni yangu, wewe ni nahodha kwa hisani. Saidi nimemwapisha apite kwa Mama kwanza, amwambie kwa mdomo yote niliyokuandikia, naye Mama amtume Mjomba ufukweni. Kama unaisoma barua hii, basi usukani umekwisha kung'olewa na uko uvunguni mwa kitanda cha Mama. Huamini, nenda katazame nyuma ya mashua. Saidi usimgombeze. Mama usimbembeleze, tangu utotoni unajua nani hushinda.

Mtumbwi wa Baba upo, na kasia lake lipo. Dema husukwa na mtu yeyote mwenye mikono miwili, nawe bado unayo miwili, mshukuru Mungu. Siku utakayomletea Mama pono, atampika, na kabla hajala atapitisha vidole mgongoni mwake. Ukiwa mzima, usukani utauvuta uvunguni kwa mkono wako mwenyewe. Ukiwa umevunjika, mashua itaoza pale ilipo, nami nitalala usingizi wangu vizuri tu.

Nisalimie mkeo, shemeji yangu mwenye subira kuliko bahati. Mjomba mpe pole ya mzigo. Binti yangu Zuhura mwambie baba yake amepata jina jipya, asicheke mbele za watu. Mama usimsalimie, Saidi amekwisha kunisalimia kabla yako.

Masanja naye anakusalimu. Anauliza ng'ombe wametoka baharini au bado.

Ni mimi kaka yako, mwenye mashua,

Shomari, aitwaye Pono