Kwa Nini Nimemwacha Mama Mwamtobo

Woodley, Nairobi
27 Agosti 2025

Mpendwa ndugu yangu Nadira,

Assalamu alaikum warahmatullah. Kabla ya lolote nakuuliza hali yako, na joto la Muscat mwezi huu, na ule mgongo uliokusumbua tangu Ramadhani. Je, umepata nafuu? Wamekupa angalau siku mbili za kupumzika mfululizo? Mimi ni mzima, Alhamdulillahi. Baridi ya Nairobi imekataa kuondoka. Asubuhi natoka nyumbani na sweta mbili, nikifika kazini mjini ndipo navua moja.

Najua kaka Ridhwan amekupigia simu. Alichokuambia nakijua pia, maana mimi aliniambia hayo hayo na zaidi: kwamba nimemchukua mgonjwa nikamzungusha nchi nzima kwa ajili ya mikeka, kisha nikamtupa kijijini nikarudi peke yangu. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Mama yuko Mwamtobo, kwa nduguye, mama yako, na aliyemwacha ni mimi. Nyumba ni ya mama yako, kwa hiyo una haki ya kusikia yalivyokuwa kutoka kwangu.

Wajua Mama alipatwa na kiharusi siku kumi baada ya Idi. Mkono wa kulia ukafa ganzi, na maneno yakawa yanamtoka moja moja kama mtu anayehesabu. Kaka ndiye aliyesema aletwe huku apate mazoezi ya viungo Upper Hill, Jumanne na Ijumaa, na lilikuwa shauri jema, simnyimi sifa yake. Mguu umerudi. Anatembea na fimbo kutoka chumbani hadi mlangoni. Mkono haujarudi.

Lakini siku tano zilizobaki za juma alikaa dirishani. Mimi niko kazini tangu asubuhi hadi magharibi, na dada anayetusaidia nyumbani ni mtu mwema ila hajui neno hata moja la Kidigo. Mama alitazama watu wakielekea madukani Adams Arcade na wakirudi. Nikimuuliza ameshindaje, ananiambia, "Vyema." Kufikia Juni hata hilo "vyema" alikuwa haliongezei kitu.

Mwishoni mwa Juni akapiga simu Mwalimu Mabruki wa pale shuleni Mwamtobo. Ndiye aliyeanzisha na Mama ile Siku ya Mikono, huu mwaka wa sita. Wewe uliiona mara moja tu, ikiwa bado changa. Siku hizi, kila likizo ya Agosti na Disemba, madarasa yote hujaa. Huku watu wanafundishwa kuunganisha miche ya michungwa, kule wanawamba ngoma, watu wazima wanajifunza kuandika majina yao kwa hati nzuri, na darasa la bao lina kelele kuliko la watoto. Darasa la mikeka ni la Mama. Mwalimu alikuwa akituarifu, kwa upole sana, kwamba mwaka huu litaondolewa. Mama yako macho yameingia ukungu, hawezi tena kutenganisha rangi, na hataki kufundisha peke yake. Mwingine hayupo.

Niliweka simu kwenye spika ili Mama asikie. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, akivuta kila neno, "Lisiondolewe. Mishi atafundisha."

Nadira, wewe ulikuwepo siku ile tukiwa darasa la saba, Mama aliponiita nikae chini nisuke, nami nikamjibu mbele ya wageni kuwa kusuka ni kazi ya waliokosa shule. Hakunipiga wala hakunikemea. Ila hakuniita tena. Imepita zaidi ya miaka thelathini, na siku ile ya simu ndipo aliponiita mara ya pili. Nikamwambia Mwalimu asiliondoe.

Mama yako alituma mzigo wa ukindu kwa basi, nikauchukua mjini baada ya kazi na kupita nao barabarani watu wakinitazama. Tukaanza. Mimi sakafuni, Mama kitini, na penseli mkononi mwake mwa kushoto. Nikikosea ananigonga kidole kilichokosa. Alipokosa neno aligonga. Alipolipata alilisema, na nikagundua anayapata mengi kuliko zamani, kwa kuwa hasira humtafutia mtu maneno.

Juma la kwanza nilisuka ukili, ule utepe wa kushonea mkeka, usiofika urefu wa mkono, ukajikunja kama mkia wa nguruwe. Jirani yangu Kamene, yule mama wa Machakos anayesuka vyondo, vile vikapu vya mkonge, alikuja kuazima sufuria akanikuta hapo. Akashika ule ukili, akaugeuza. Akaniambia, "Mishi, hii kitu unaivuta ni kama unafunga ng'ombe. Legeza mkono." Tangu siku hiyo alikuwa akija kila jioni na chondo chake, anakaa upande wa pili wa Mama. Hawakuwa na lugha moja ya ufundi, huyu mkonge na yule ukindu, lakini walielewana kunicheka.

Kaka alipojua nina nia ya kusafiri na Mama, alikuja Jumapili na hakukaa. Alisema hakumleta Mama Nairobi kwa ajili ya maonyesho. Alisema Mama akianguka njiani nitajibu mimi. Nilimwambia nitajibu. Sijawahi kumjibu kaka namna hiyo. Kesho yake nikaomba ruhusa kazini nikaenda mwenyewe Upper Hill kumuuliza mtaalamu wa mazoezi. Akasema Mama anaweza kusafiri, ila kwa treni, na kila saa asimame anyooshe mguu. Nilikata tiketi siku hiyo hiyo.

Kaka hakuja kutuaga stesheni.

Basi, ikafika Jumamosi ya tarehe kumi na sita, Siku ya Mikono yenyewe. Walikuja wanawake ishirini na mmoja na wanaume watatu, wengi wadogo kwetu. Mama na mama yako walikaa mbele, na mimi nikakaa jamvini miguuni pa Mama. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kuanzia, yote yakanipotea, nikaanza tu kusuka. Mambo yakaenda vizuri kiasi cha nusu saa. Kisha mama yako akanyoosha mkono, akaomba ukili wangu. Wajua haoni. Aliupitisha baina ya vidole kutoka mwanzo hadi mwisho, darasa zima likimtazama.

"Umelegea," akasema. "Mkeka wa ukili huu mtoto atautoboa kwa kisigino."

Nilikuwa nimelegeza mkono kwa kumtii Kamene, nikapita kiasi. Msichana mmoja nyuma alimuuliza mwenzake, na sauti yake ikanifikia, kama huyu kweli ndiye mwalimu. Nilitaka kusimama niseme nina dharura. Badala yake niliuchukua ule ukili nikaufumua wote, mbele yao, nikiwaambia ninapoufumua nilikosea wapi. Nikaanza upya. Safari hii Mama aliinama, akaubana mwanzo wa ukili kwa mkono wa kushoto, ukakaza, nami nikasuka.

Yule msichana akauliza kama naye anaweza kubaniwa ukili wake. Mama akamwita kwa kidole. Kisha akaja mwingine. Kufikia adhuhuri walikuwa wanajipanga foleni. Mama ndiye anayebana na kusema, mama yako ndiye anayepapasa na kukosoa, na mimi natembea kati yao nikionyesha rangi ipi inafuata ipi, kwa kuwa hilo ndilo mama yako haoni na Mama hawezi kulisema upesi. Nadira, mwalimu wa darasa lile tulikuwa watu watatu, na hakuna mmoja wetu ambaye angeliweza peke yake.

Mama alikaa wima tangu saa tatu asubuhi hadi alasiri. Niliyahesabu maneno aliyoyasema, kisha nikachoka kuyahesabu. Alimgombeza mtu sentensi nzima.

Jumapili jioni, nikipanga mizigo ya kurudi, aliiondoa nguo yake kwenye sanduku langu kwa ule mkono mmoja, akaiweka kitandani. Nikairudisha. Akaiondoa tena. "Mimi nabaki, Mishi," akasema, na hakuvuta neno.

Sikukubali mara moja, usinidhanie hivyo. Nilibishana naye, nikalia. Kisha Jumatatu asubuhi nikaenda na mama yako hospitalini, tukauliza, na wana mtu wa mazoezi ya viungo siku mbili kwa juma, kama Upper Hill. Mwalimu Mabruki amejitolea gari lake siku hizo. Wale wasichana wa darasa wamepanga zamu ya kuja kusuka kwenye baraza ya mama yako, kila alasiri, ili ukili usikatike hadi Disemba. Ndipo nikakubali. Na nikikosea, hili nitalifumua pia. Kila mwisho wa mwezi naenda mwenyewe kumtazama, nimeshakata tiketi ya Septemba. Akirudi nyuma hata kidogo, nitamrudisha Nairobi akitaka asitake.

Lakini sitamrudisha dirishani kwa sababu watu wananisema.

Ombi langu kwako si pesa. Nataka unijibu waziwazi kama mama yako ameelemewa na hataki kuniambia, maana wewe hakufichi. Pili, ukipata likizo Disemba, njoo. Mama yako anahitaji kupelekwa kwa daktari wa macho na mimi peke yangu simwezi. Mimi ni mpwa, wewe ni mwana.

Kaka Ridhwan alimpigia Mama Ijumaa, nikiwa kwenye simu pamoja nao. Alizungumza kwa muda mrefu, akataja hatari zote moja baada ya nyingine, na Mama akamwacha amalize. Kisha akamwambia, "Ridhwan, njoo Disemba. Ulete mikono." Hajasema atakwenda. Jana usiku akanitumia ujumbe wa mstari mmoja, akiuliza treni ya asubuhi huondoka saa ngapi. Nikamwandikia saa.

Kamene anakusalimu ingawa hajakuona. Asema umtumie picha ya masoko ya huko. Mwalimu Mabruki na mkewe wanakusalimu, na mama yako anasema ule unga wa ubani ulifika salama. Salamu zangu kwa wote unaoishi nao, hasa yule mwenzako wa Lamu aliyekuuguza. Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, akupe riziki ya halali na mgongo wa kuibebea, na atukutanishe sote tukiwa hai.

Ni mimi ndugu yako, nisiyechoka kukupenda,

Mishi