Nyota Zimekuwa Nyasi

Jumamosi usiku, Mbalibali

Leo nimepiga picha ya nyota ambayo hata watalii watanionea wivu. Uongo. Nimepiga kumi, na katika zote nyota zimevutika. Mama Chacha kacheka: "Baba Chacha, hizi nyota au nyasi?"

Eti kamera hii ya kuazima inazifuata nyota zinavyotembea! Nikampigia mwalimu mwenye kamera.

"Shikamoo babu. Umeiweka juu ya nini?"

"Marahaba. Juu ya plau."

"Babu! Kamera inazifuata nyota kwa dira iliyo ndani yake, na chuma kinaipotosha."

Nikahamia kigoda cha mti, nikaizungusha kamera mkononi ili dira ijirekebishe, alivyonielekeza. Bado nyasi. Sasa sielewi kabisa.

Jicho langu limeingia ukungu. Nilitaka nizione kubwa kabla halijaziba, na kesho mwalimu anahama na kamera yake.

Mwalimu, likizo nzima nililinda kuku wako. Niachie usiku mmoja tu.