Mbio za Atu

Mke wangu amekufa. Ugonjwa wa sukari. Tumemzika Jumatano hapa hapa Kawetele.

Leo Jumapili. Mvua imepiga toka alfajiri, sasa imeacha, ukungu umekaa. Matanga yameisha, wageni wameondoka. Tumebaki mimi na binti yangu Atu, anasoma chuo Mbeya. Huu ukurasa wa mtandaoni kanifungulia yeye, eti nikiandika nitapata nafuu. Haya, naandika.

Atu hali.

Siku zote za msiba akina mama wameleta mbalaga, yaani ndizi na maharage, sufuria kwa sufuria. Kwetu chakula cha msiba hukatai. Yeye anashika sahani, anachezea, anampa mtu mwingine. Shangazi yake akasema, "Mwache, ni uchungu." Mimi nikaona siyo uchungu tu. Anaangalia simu kuliko sahani.

Halafu jana alfajiri katoka kukimbia. Raba, suruali ya kubana, mbio barabarani.

Sasa kwetu huku mtu akikimbia alfajiri, tena katokea nyumba ya msiba, anapeleka habari ya kifo. Jirani yangu Mama Lusajo kamwona, kajifunga khanga, kaanza kulia. Nyumba ya pili wakamsikia, nao wakalia. Kilio kikashuka hivyo hivyo mpaka bondeni. Wanaume wakaja kwangu na majembe, wanajua nimekufa mimi. Wakanikuta nakunywa chai.

"Kumbe upo," Mama Lusajo akasema, kama kakasirika.

"Nipo."

"Basi mwambie mwanao akakimbilie uwanjani huko. Machozi yangu nimeyamaliza bure."

Nilicheka. Toka tuzike nilikuwa sijacheka.

Leo nikamwambia Atu anionyeshe anachoangalia. Dada mmoja wa Dar, tumbo limeingia ndani, anarukaruka, anasema ndizi ni sukari tupu. Yeye anakula yai na parachichi. Parachichi, hizi hizi za nyuma ya nyumba, nguruwe wanaziokota.

Nikauliza, "Huyu simu ikizimwa anakula nini?"

"Sijui, baba."

"Sasa wewe unamfuata wa nini?"

Akaweka simu chini. Halafu akasema, "Baba, sitaki kufa kama mama."

Kumbe.

Mimi kazi yangu kupakia ndizi kwenye malori. Ndizi ndiyo niliyowalisha, yeye na mama yake. Huyo dada anasema kweli au anadanganya? Sijui, na nataka kujua. Ninachojua, kukimbia na njaa hata mimi kibarua siwezi.

Tumekubaliana. Wiki hii tunaenda zahanati wote, apimwe, aulize mwenyewe, mimi nisikilize. Mpaka hapo anakula. Jioni hii kala ndizi moja, na parachichi pembeni. Nimemwona akimeza.

Shida ni mchana. Nikiwa sipo, nani atamwona?

Nimemwambia akimbie, simkatazi. Ila akimbie mpaka mjini tunapopakia, saa saba, tule wote. Akacheka kidogo, akasema atakuja.

Mama Lusajo nimeshamwambia: ukimwona anakimbia usilie, anakuja kula.

Kesho narudi kazini.