Kaseti Ambayo Sikukusomea

Tata,

Mugonile. Miaka yote niliyoishi nyumbani kwako hapa Ngonga, salamu hii ndiyo neno langu la kwanza kwako. Kwetu mkwe wa kike hasemi na baba wa mumewe. Nikikusikia tu unakohoa njiani, nilikuwa naingia kwenye mpunga na kujifunika khanga. Kama hata barua ni utovu wa adabu, nisamehe.

Wiki iliyopita shule ilinipeleka Mbeya, kwenye mkutano wa walimu wa Kiingereza. Tulionyeshwa kompyuta za kufundishia, tukashangaa na kucheka hadi zamu yangu ikafika. Unavaa hedifoni, unasoma ukurasa, sauti inahifadhiwa. Mwalimu aliye chumba kingine anaisikiliza, naye anakurudishia masahihisho kwa sauti yake. Wangu alikuwa mzee kwa sauti, sikumwona. Aliniambia kwa upole, "Rudia, mwanangu, usikimbie." Tukaenda hivyo ukurasa mzima. Halafu nikakukumbuka wewe, nikavua hedifoni, nikatoka nje.

Wewe ulinifundisha kupitia ng'ombe. Mimi niko jikoni naandaa somo kwa sauti, wewe uko uani, ukuta katikati. Nikikosea, unamgeukia ng'ombe: "Kamftabo, wewe. Siyo komfotebo. Umesikia?" Mama, mkeo, alikuwa anacheka mpaka anaweka ungo chini. Nilirudia polepole, nawe ukamsifu ng'ombe.

Kisha macho yako yakapofuka. Wewe uliyefundisha Kiingereza mpaka ukastaafu, vitabu vyako vikabaki sandukuni. Ukamtuma mume wangu Ambakisye kwangu: nisome kwenye kaseti, yeye akuletee, mila isivunjwe. Redio kaseti ilikuwepo kabatini, ile ya nyimbo za kwaya. Sikuhitaji kompyuta ya Mbeya. Nikamjibu kwamba haifai, sauti ya mkwe ni ya mkwe tu, hata ikiwa kwenye kaseti. Mama anasema ulijibu, "Ana heshima, binti yule."

Haikuwa heshima, Tata. Niliona aibu. Neno moja kusahihishwa kupitia ng'ombe ni mchezo. Lakini kitabu kizima, urudishe nyuma kila kosa langu na kulisikiliza tena, hapo nilishindwa. Nikajificha nyuma ya mila, nawe ukanisifu. Ukakaa gizani bila wa kukusomea mpaka ukafa. Hata kwenye kilio watu walinisifu kwa jinsi nilivyokaa mbali na jeneza, nami nikainamisha kichwa nikazipokea sifa zao.

Sasa mkuu wa shule amepata kompyuta moja. Alitaka mwalimu wa kurekodi hadithi za kidato cha kwanza, wote tukamwangalia yule kijana aliyesomea Dar. Nikasema nitasoma mimi. Jana nilianza. Nimekosea mara kadhaa na sijafuta, wanafunzi wayasikie makosa ya mwalimu wao.

Ila hilo halinipi usingizi. Mama bado anawasimulia wake za shemeji zangu jinsi nilivyokuheshimu, waige. Nakuahidi, Jumapili wakikusanyika kupepeta mpunga nitawaambia ukweli, mbele ya Mama. Akinichukia, atakuwa na haki.

Pumzika, Tata. Ndaga fijo, asante sana kwa kunivumilia. Uliniomba sauti tu, nami nilikuwa nayo, nikakunyima.

Mkweo