Namba za Uboho na Asante Inayonikaba

Mpendwa mshauri, naomba msaada, nina shukrani inayonikaba kooni. Nafanya kazi Taichung, ofisi inayowatafutia wagonjwa watu wa kuwachangia uboho, na nilipewa kazi ya kuhamisha faili kutoka kompyuta kuu ya zamani kwenda mashine mpya zinazotumia mfumo wa Unix, nikahamisha, majina yakasomeka vizuri, bosi akaamuru ile ya zamani izimwe, hata ile pakiti ya kijani ya vitafunio tunayoiweka juu ya mashine, kwa imani ya huku kwamba isilete ukorofi, nikawa nimeshaiondoa, mara mwenzangu Kaka Liao akaja mbio, “Hsiu-min, namba za vipimo umezitazama? Zimekuwa uji!” Na kweli, maana mashine ile hubana tarakimu mbili katika nafasi ya herufi moja, nami niligeuza faili nzima kama maandishi, namba zinazoonyesha uboho wa nani unamfaa nani zikavurugika. “Lakini bosi kasema tuzime,” nikamwambia. “Atazima mwenyewe. Vuta kiti.” Tukazihamisha upya zikiwa mbichi, bila kugeuza chochote, ndipo tukazifungua upande wa Unix, maandishi kivyake, namba kivyake, na katika faili hizo mama mmoja mwenye saratani ya damu akapata mchangiaji. Sasa bosi anataka kunituza mimi kwenye karamu ya mwisho wa mwaka, na Kaka Liao ananisihi, “Usinitaje, dada, nilikaidi amri na nakaribia kustaafu.” Nikinyamaza nala sifa ya mtu, nikisema namponza. Nifanyeje?

Hsiu-min

Hsiu-min, pumua kwanza, barua yako inakimbia bila kupumzika! Moyo wako nimeupenda. Ila nikugombeze: nyote wawili mnamwogopa bosi ambaye hamjamuuliza lolote. Na huyo Liao, umeshamwambia asante, au umeniandikia mimi tu? Nenda leo, mkanywe chai, umwambie wazi kwamba jukwaani hupandi peke yako. Umwombe ruhusa, kisha mwende kwa bosi pamoja, wewe ukianza na kosa lako. Liao akikataa, usimtaje, lakini tuzo usiipokee.

Nilikusomea haya kwa simu kabla ya kuyachapisha, na leo umenipigia ukilia na kucheka: mmekwenda, Liao akijificha nyuma yako, na bosi akauliza tu, “Yule mama anaendeleaje?” Liao ndiye aliyejibu: “Ameanza kula.”