Maharage Ndani ya Blanketi

Jumatatu, 9 Machi

Sijamwambia mtu. Kilichomwangusha Babu ni maharage yangu, si maziwa ya jirani. Sikuyachemsha!

Niandike taratibu. Tangu nimalize shule jiko ni langu. Mama hutoka alfajiri kwenda kiwandani. Alinikabidhi mtungi wa gesi: mwanangu, huu ufike mwisho wa mwezi, hakuna mwingine. Nami nikajidai mjuzi. Mwalimu wa upishi alitufundisha: loweka maharage usiku kucha, yachemshe kwa nguvu dakika kumi, kisha izungushie sufuria blanketi, iweke kapuni. Yanajiivisha kwa joto lake — bila moto! Wiki nzima nimefanya hivyo. Babu akanisifu: mke wangu, wewe utapika hata kwa jua la jana.

Jana nikautikisa mtungi. Mwepesi! Maharage yalipoanza kutoa povu pembeni tu, nikazima. Dakika kumi zote za nini? Nikafunga blanketi. Tulikula mimi na Babu, yakiwa magumu kidogo katikati. Jioni akaanza kutapika. Ndipo nikakumbuka: dakika kumi zile ni za kuua sumu ya maharage mabichi.

Mama aliporudi akauliza amekula nini. Nikasema maharage, na maziwa. Akalidaka hilo la mwisho: maziwa ya jirani, ya Mama Maziwa! Mimi kimya. Kimya changu hiki ndicho kilichosema uongo.

Jumanne, 10 Machi

Babu hashiki hata kijiko. Muuguzi wa zahanati kasema tumpe maji yenye chumvi na sukari, kidogo kidogo, na asipopata nafuu tumpeleke hospitali.

Mimi pia nimetapika, mara mbili. Nilifungulia bomba la uani ili Mama asisikie. Maziwa mimi sinywi, kila mtu hapa anajua. Nikionekana naumwa, kesi ya maziwa imekwisha.

Shuleni aliyefeli tulisema amechemsha. Basi mimi nimechemsha kwa kutochemsha. Nilicheka peke yangu. Kisha nikalia, uso ndani ya taulo.

Jumatano, 11 Machi

Bombani wanawake wananong'ona: usichukue kwa Mama Maziwa, kamuua mzee wa watu. Hajafa! Nilitaka kupiga kelele. Nikajaza ndoo, nikaondoka.

Mchana Mama Maziwa akaja mwenyewe, ndoo ya maziwa kichwani, kandambili mkononi kwa ajili ya tope. Akamwambia Mama, ambaye leo hakwenda kiwandani: dada, miaka saba nawaletea, leo ndiyo nimewapa sumu? Mama akajibu, muulize ng'ombe wako. Wapangaji wakacheka. Yeye hakucheka. Akanigeukia mimi, kwa upole kabisa.

— Na wewe binti yangu, uliyachemsha?

Nikadhani anajua! Kumbe anaulizia maziwa yake.

— Niliyachemsha, shikamoo, nikasema.

Shikamoo katikati ya kesi! Lakini kweli, maziwa niliyachemsha, hadi yakafurika jikoni. Akatikisa kichwa: basi sielewi. Akaondoka na ndoo yake imejaa vilevile.

Alhamisi, 12 Machi

Babu haamki vizuri. Midomo imekauka. Ameniita mke wangu, kisha akaniita kwa jina la Bibi, ambaye hayupo tena.

Gari limeletwa. Muuguzi amekuja nalo, anataka kujua mzee alikula nini hasa, kila kitu, na kilipikwaje, maana daktari atauliza. Mama anamwambia maziwa, maziwa, nimeshasema! Mwenye nyumba yupo uani pia. Anamwambia Mama Maziwa ahamishe ng'ombe wake kabla ya Jumapili. Mama Maziwa namwona kupitia dirisha, amejishika kiuno kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mzigo.

Mama ananiita. Wewe! Njoo umweleze muuguzi, mpishi si wewe?

Nakuja, nimesema. Viatu sivioni. Basi pekupeku.

Daftari, mimi sina mwingine. Tafadhali usimwambie mtu. Nitunzie siri hii — mpaka nifike uani tu.