Mtaa Mzima Tunajua Kuogelea

Mpendwa mshauri, salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, mimi na nyumba yangu hatujambo, naomba unishike mkono katika jambo la karatasi, maana mengine nayaweza ila karatasi imenishinda.

Mimi ni mama wa binti mmoja anayeanza kuunganisha maneno, na siku hizi kila kitu kwake ni "changu", hata kiatu cha baba yake. Ninaishi na mume wangu, fundi rangi, na mama mkwe yuko chumba cha uani, tunaelewana, nyumba ina kicheko, sikuandikii kwa sababu ya ugomvi. Shule niliishia ya msingi. Baada ya hapo shangazi yangu alinichukua akanikalisha barazani kwake kwenye cherehani, alikuwa anashona sare za shule, nikaanza kwa kukata nyuzi na kutia vifungo, mpaka akaniachia sketi za marinda peke yangu, na marinda mshauri si mchezo, yakipishana kidogo tu mtoto anaonekana amevaa mwavuli. Nilipoolewa alinipa cherehani ile, na tangu nijifungue nashona nyumbani, majirani wananiletea zipu, pindo, suruali za kupunguza, na binti yangu amezoea ule mlio kiasi kwamba nikiacha kushona anaamka.

Sasa karibu na kwetu kimefunguliwa kiwanda kidogo cha kushona sare, wakatangaza wanataka mafundi, lakini kila mtu alete wasifu. Mimi sijawahi kuwa na wasifu, nikaenda kwa kijana wa kibanda cha fotokopi ambaye mtaani tunamwita Kopi, akaniuliza jina na namba ya simu tu, akabonyeza, karatasi ikatoka, nzuri, ina mistari, nikalengwalengwa na machozi kuona jina langu limepigwa chapa. Nikaipeleka, na wenzangu wa mtaani nao wakapeleka za kwao.

Tulipoitwa, msimamizi wa kiwanda, mama mmoja mwenye tepu ya kupimia shingoni, alitukalisha kwenye mabenchi, akashika rundo la karatasi zetu akasema, "Nani hapa anajua kuogelea?" Tukatazamana. Akauliza tena taratibu, kama mtu anayeuliza njia, hakuna aliyenyoosha mkono. Ndipo akatusomea, kumbe karatasi zote zinasema tunapenda kuogelea, kusafiri na kubadilishana mawazo, zote zinasema tumezoea kufanya kazi chini ya shinikizo, hata ya dada mmoja ambaye hajawahi kushika sindano. Mimi mshauri maji yangu ni ya ndoo. Baadaye ikajulikana kuwa wasifu ule ni wa Kopi mwenyewe, aliuandika enzi anatafuta kazi, akaikosa, ndiyo akafungua kibanda.

Msimamizi hakutufukuza. Alicheka mpaka akajifuta macho, halafu akasema, "Rudini nyumbani, kila mtu aniandikie wa kwake. Nataka nijue nani anashona." Ametupa mpaka mwisho wa mwezi.

Hapo ndipo nilipokwama, maana wifi yangu, anayefanya kazi mapokezi kwenye ofisi moja, na ananipenda, yeye ndiye aliyeninunulia hata bahasha, anasema niandike kwamba nilikuwa fundi kwenye kampuni kubwa ambayo ilishafungwa, kwa kuwa kampuni iliyofungwa haina wa kuulizwa, na nisithubutu kutaja mtoto wala kukaa nyumbani. "Ukiandika ulikuwa unalea, wao watasoma ulikuwa umelala," ndivyo alivyoniambia. Mume wangu anasema andika ukweli, lakini nikimuuliza ukweli upi anasema huohuo, halafu anakwenda kuoga. Nilijaribu kuandika huo ukweli nikapata mistari miwili, karatasi yote iliyobaki nyeupe inanitazama. Na kazi hii naitaka kweli, nataka kukaa kwenye chumba chenye mashine nyingi zinazolia pamoja, nipate mshahara wenye tarehe, na niwe na wenzangu wa kunifundisha kola, maana kola shangazi hakuwahi kuniachia. Je, nidanganye kidogo kama wifi anavyosema, au nipeleke ile mistari yangu miwili? Na nikimkatalia wifi nitamwambiaje asinune?

Ni mimi, Mama Changu.

*

Mama Changu,

Nimecheka pamoja na huyo msimamizi, sasa ngoja nikae vizuri nikugombeze. Mwanangu, ulimpa mtu jina na namba ya simu, akakurudishia maisha, nawe ukayabeba bila kuyasoma? Tena maisha yaliyomkosesha kazi mwenyewe. Kopi simlaumu sana, yeye anauza karatasi. Wewe ndiye uliyekuwa unatafuta kazi.

Tuanze na la wifi. Hiyo kampuni marehemu usiiandike. Mama mwenye tepu shingoni anaishi katikati ya mafundi. Atakuuliza mlikuwa mnashona kwa mashine gani na nani alikuwa anawakatia vitambaa, nawe utaanza kumeza mate. Hata ukipenya, uongo kwenye wasifu ni nguo ya kuazima: kila ukitaka kukaa unamwaza mwenyewe. Ila wifi hakukosea yote. Mtoto haandikwi. Si aibu, hapana, ni kwamba karatasi hiyo inauliza mikono yako inajua nini, haiulizi nani anakuita mama. Ndoa, dini, mambo unayoyapenda siku ya mapumziko, vyote viache nyumbani. Ukiulizwa kwa mdomo, jibu kwa mdomo, na ujibu kweli. Wifi mwambie umechukua nusu ya ushauri wake na umshukuru kwa hiyo nusu, kisha mpe kazi: akupigie chapa maneno yako, yako si yake. Mtu mwenye kazi mkononi hana nafasi ya kununa.

Sasa huo weupe wa karatasi. Ulipata mistari miwili kwa sababu ulijiuliza umesoma wapi. Jiulize umeshona nini. Juu kabisa weka jina na namba ya simu inayopokelewa, usiweke ya mume ambaye mchana kutwa yuko juu ya ngazi na brashi. Chini yake sentensi moja tu, kwamba wewe ni fundi cherehani, umeshona sare za shule, na unaomba nafasi ya ushonaji. Kisha anza na kazi ya sasa ukirudi nyuma. Kushona nyumbani ni kazi, nani amekudanganya si kazi? Andika tangu mwaka gani, na uzitaje zipu, pindo na suruali za kupunguza. Halafu miaka ya kwa shangazi: ulianza na vifungo, ukaishia kuachiwa sketi za marinda peke yako. Usiandike "mchapakazi", neno hilo kila mvivu ameshalitumia. Kola huijui, basi usijisifu nayo, sema unataka kujifunza. Fundi anayejua anapoishia hawezi kukuharibia kitambaa. Shule ya msingi ipe mstari wake mmoja kule chini, wala usiiombee radhi.

Watakaoulizwa habari zako, mmoja awe shangazi, ila umwandike kama fundi aliyekufundisha kazi, na mwingine awe jirani unayemshonea siku nyingi. Waambie mapema, wasije wakapigiwa simu wakajibu "Nani huyo?" Ukurasa mmoja unatosha. Ukimaliza mpe mtu asiyejua kushona akusomee kwa sauti, na pale ulimi wake utakapokwama, andika upya. Siku ya kupeleka, beba na sketi moja ya marinda kwenye mfuko safi.

Habari ya karatasi nimeimaliza, lakini bado nina neno. Barua yako nimeirudia nikitafuta kitu kimoja na sijakiona: asubuhi ukiwa kiwandani, huyo binti yuko na nani? Umeniambia wifi anasema nini, mume anasema nini, mpaka msimamizi. Mama mkwe umempa chumba cha uani, basi. Nahisi umeshampangia kazi kichwani mwako bila yeye kujua. Mama mtu mzima ana safari zake, ana wenzake, ana magoti yake. Wasifu mzuri unaweza kukuingiza kiwandani Jumatatu, na Jumatano ukakaa nyumbani kwa kuwa hakuna wa kumshika mtoto, na huko kazini hawatasubiri.

Kwa hiyo kabla hujagusa kalamu, kaa na mama mkwe leo, mumeo akiwepo. Muulize kama mtu anayeomba, usimtangazie. Akikubali, muulize pia ni siku zipi hataweza, mpange nani atashika siku hizo. Akikataa, usinung'unike, tafuteni wa kumlea mtoto sasa hivi, mwezi haujaisha. Ukishalipata jibu hilo, ndipo uandike. Mama mwenye tepu akikutazama juu ya karatasi na kukuuliza mtoto unamwacha wapi, utamjibu kabla hajamaliza swali.